Nani Alilia Kaburini kwa Lazaro?

Simulizi ya kweli kutoka karne ya 5

SEHEMU YA KWANZA: Mwanasheria asimama

Mahubiri yalikuwa hayajaisha mtu mmoja aliposimama katikati ya waamini na kumkatiza askofu.

Hakuwa padri wala mmonaki. Inaaminika alikuwa Eusebius, mlei, mwanasheria wa Konstantinopoli, na alichokisema kilisikika hadi milangoni: Neno wa Mungu, aliyezaliwa na Baba kabla ya nyakati zote, ndiye huyo huyo aliyezaliwa mara ya pili, kwa mwili, na mwanamke. Kanisa likachafuka. Wapo waliomshangilia, wapo waliomzomea. Askofu Nestorius akamjibu papo hapo, wala hakumjibu kwa upole.

Ugomvi wenyewe haukuanza siku hiyo. Nestorius alikuwa mmonaki wa Antiokia, msemaji hodari, ambaye Kaisari Theodosius wa Pili alimleta mji mkuu akasimikwa uaskofu tarehe 10 Aprili 428. Alianza kwa kumwahidi Kaisari mbingu, mradi Kaisari amsaidie kuwafagia wazushi duniani. Siku chache baadaye akaamuru kanisa dogo la Waario libomolewe. Wenyewe wakaona heri walitie moto kuliko kulitazama likivunjwa. Moto ukarukia majengo ya jirani, na watu wa mjini wakampachika askofu jina la mchoma moto.

Kisha padri wake Anastasius, aliyekuja naye kutoka Antiokia, akapanda mimbarini na kuwaonya watu wasimwite Maria Mama wa Mungu. Maria ni binadamu, alisema, na Mungu hawezi kuzaliwa na binadamu. Waamini waliokuwa wakilisali jina hilo tangu utotoni walitarajia askofu amkemee padri wake. Askofu akamtetea. Kwa maoni yake, salama zaidi ni kumwita Maria Mama wa Kristo.

Tusimwonee Nestorius. Hofu yake ilikuwa na msingi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikwisha kuamua, dhidi ya Arius, kwamba Mwana ni Mungu kweli, sawa na Baba kwa umungu. Sasa, ikiwa ni Mungu kweli, anawezaje kuwa mtoto wa miezi miwili? Anawezaje kusikia njaa, kuchoka, kufa? Injili ya Yohane inasema Yesu alilia alipofika kwenye msiba wa Lazaro, kisha akamwita maiti wa siku nne, naye akatoka. Nestorius alitaka kila jambo likae mahali pake: kilio ni cha mtu, muujiza ni wa Mungu, na hao wawili wameungana kwa mapenzi na heshima moja.

Eusebius alisikia hatari nyingine kabisa. Ikiwa aliyelia ni mmoja na aliyefufua ni mwingine, basi aliyekufa msalabani alikuwa mtu mwema tu, na wema wake haumtoi mtu yeyote kaburini.

Akaandika tangazo likasambazwa mjini. Ndani yake aliyapanga maneno ya Nestorius bega kwa bega na maneno ya Paulo wa Samosata, askofu aliyehukumiwa kwa uzushi zaidi ya karne moja na nusu kabla. Alifanya kama afanyavyo mwanasheria anayefungua kesi: ushahidi kwanza, makelele baadaye.

Wakati huo huo mahubiri ya Nestorius yalikuwa yakinakiliwa na kusafiri. Yalivuka bahari hadi Misri, yakaingia mikononi mwa askofu mkuu wa Aleksandria, Cyril. Huyu hakuwa mgeni wa vita vya namna hiyo. Mjomba wake Theophilus, aliyemtangulia katika kiti hicho, ndiye aliyemwangusha askofu mwingine wa Konstantinopoli, Yohane Krisostomo, mwaka 403. Cyril alikuwapo. Aliona kazi hiyo inavyofanywa, hatua kwa hatua.

Alimaliza kusoma. Akaagiza kalamu na karatasi.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA PILI: Majina matatu

*Ilipoishia: Mahubiri ya Nestorius yamemfikia Cyril wa Aleksandria, naye ameamua kuandika.*

Barua za kwanza zilikuwa na adabu. Katika ile ya Februari 430 Cyril alieleza imani yake kwa utulivu. Neno hakugeuka kuwa nyama, wala hakumchukua mtu aliyekwisha kuwapo akakaa ndani yake. Aliutwaa ubinadamu kamili, wenye roho na akili, akaufanya kuwa wake mwenyewe. Umungu haukuanzia kwa Maria, lakini aliyetoka tumboni mwa Maria ni Mungu. Kwa hesabu hiyo, machozi ya pale kaburini ni machozi ya Mungu, ingawa umungu hauna macho.

Nestorius alijibu kwa ukali. Cyril akageukia Roma, na Agosti 430 Papa Celestine pamoja na sinodi yake wakakata shauri: Nestorius akane mafundisho yake ndani ya siku 10 tangu apokee barua, la sivyo atengwe. Utekelezaji akaachiwa Cyril, naye akaongeza ya kwake. Aliambatanisha laana 12 ambazo Nestorius alitakiwa kuzikubali zote. Hapo hata watu wa Antiokia waliokuwa wakimsihi rafiki yao alegeze kamba wakashtuka. Kwao laana hizo zilinuka mafundisho ya Apollinaris, aliyehukumiwa mwaka 381 kwa kumnyima Yesu akili ya kibinadamu.

Ila Theodosius alikuwa amewawahi wote. Kabla barua hiyo haijafika, alikwisha kuitisha mtaguso: Efeso, Pentekoste ya mwaka 431.

Cyril alifika na maaskofu wake wapatao 50, na askofu wa Efeso, Memnon, alikuwa upande wake. Yohane, askofu wa Antiokia, alichelewa njiani. Wiki mbili zikapita katika joto la Juni. Maaskofu wakaugua, wengine wakafa. Tarehe 22 Cyril akasema inatosha. Candidian, mjumbe wa Kaisari, akapinga. Maaskofu 68 wakapinga kwa maandishi. Mtaguso ukafunguliwa hivyo hivyo, katika kanisa la Maria.

Nestorius aliitwa mara tatu, naye akakataa kutoka katika nyumba iliyozungukwa na askari. Cyril ndiye aliyekuwa mshtaki, na Cyril ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Jioni ilipoingia, maaskofu karibu 200 walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Nestorius si askofu tena. Umati uliokuwa ukingoja nje tangu asubuhi ukawasindikiza maaskofu hadi malazi yao kwa mienge, wanawake wakitangulia na vyetezo vya ubani.

Siku nne baadaye Yohane wa Antiokia akaingia mjini, bado ana vumbi la safari. Akakusanya maaskofu wa upande wake, wakamvua uaskofu Cyril, na Memnon juu yake. Sasa Efeso ilikuwa na mitaguso miwili, na kila mmoja umeulaani mwenzake.

Ushindi ukawa wa yule ambaye habari zake zingetangulia kufika ikulu, na njia za kuelekea mji mkuu zilikuwa zinalindwa. Barua ya kundi la Cyril ilipenya ndani ya fimbo ya mwanzi, mkononi mwa ombaomba ambaye hakuna mlinzi aliyejisumbua kumpekua. Ilipofika, mzee Dalmatius, mmonaki ambaye kwa zaidi ya miaka 40 hakuwa amevuka lango la monasteri yake, alilivuka. Wamonaki wa mji mzima wakamfuata wakiimba zaburi hadi mlangoni pa Kaisari.

Kaisari alisikiliza pande zote, akachoka na zote. Agosti mjumbe mwingine akafika Efeso na waraka wa uamuzi. Kundi la Cyril lilijua jina moja lazima limo: Nestorius. Lilikuwamo.

Kulikuwa na mengine mawili. Memnon. Na Cyril.

Usiku ule mahasimu wote wawili walilala chini ya ulinzi, katika mji mmoja.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA TATU: Mzee wa monasteri

*Ilipoishia: Kaisari amewavua uaskofu Nestorius na Cyril kwa pamoja, na wote wako kizuizini Efeso.*

Nestorius alijitoa mwenyewe. Aliomba aruhusiwe kurudi katika monasteri yake ya Antiokia, akakubaliwa.

Cyril hakuomba ruhusa ya kwenda popote. Imebaki hadi leo orodha ya zawadi ambazo kanisa la Aleksandria liliwapelekea wakubwa wa ikulu: mazulia, mapazia, viti vya pembe za ndovu, na dhahabu kwa mamia ya ratili. Msaidizi wake aliandika kwa uchungu kwamba kanisa limekamuliwa. Kabla Oktoba haijaisha, Cyril alikuwa amerejea Aleksandria, na mji ulimpokea kama mshindi.

Anayetaka kumhukumu Cyril kwa orodha ile asisahau waraka wa mwaka 433. Mwaka huo alipatana na Yohane wa Antiokia, na kila mmoja alimeza jambo lililomkwama kooni. Yohane alikubali Maria aitwe Mama wa Mungu, akakubali pia kwamba Nestorius amehukumiwa. Cyril akapokea maneno ya Antiokia: Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili, sawa na Baba kwa umungu, sawa na sisi kwa ubinadamu, asili mbili zilizoungana. Gharama ya amani hiyo ilimwangukia Nestorius. Alihamishwa mbali, hadi oasisi ya jangwa la Misri, nchi ya adui yake.

Cyril akafa mwaka 444. Miongoni mwa wapenzi wake walikuwapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba mwaka 433 alilegea. Mmoja wao alikuwa Eutyches, mzee wa zaidi ya miaka 70, mkuu wa monasteri yenye wamonaki zaidi ya 300 huko Konstantinopoli. Eutyches alishikilia kwamba kabla ya muungano zilikuwapo asili mbili, na baada ya muungano ipo moja. Ubinadamu wa Kristo umekwenda wapi, basi? Theodoret wa Kiro, katika kitabu cha majadiliano alichoandika miaka hiyo, alimpa msemaji wa upande huo jibu hili: umemezwa na umungu, kama bahari inavyolimeza tone la asali. Bahari ya namna hiyo haiwezi kusimama msibani ikalia.

Tarehe 8 Novemba 448, maaskofu waliokuwapo Konstantinopoli walikuwa wamekutana chini ya Askofu Flavian. Ajenda ilikwisha. Ndipo askofu mmoja akasimama na kuomba hati yake ya mashtaka isomwe: anamshtaki Eutyches kwa uzushi.

Alikuwa Eusebius. Yule mlei wa zamani sasa ni askofu wa Dorylaeum, na mtu aliyemshtaki Nestorius kwa kumgawa Kristo alikuwa anamshtaki mwingine kwa kumchanganya.

Flavian aliona mbali. Akamsihi aende kwa mzee wayamalize faragha. Eusebius akasema alikuwa rafiki wa Eutyches, alikwisha kwenda, tena si mara moja. Kesi iendelee.

Eutyches aliitwa akasema ameapa kutotoka monasterini. Akaitwa tena akasema ni mgonjwa. Tarehe 22 Novemba akatokea, akisindikizwa na askari na kundi la wamonaki. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha mshtaki ndiye aliyekuwa na hofu: Eusebius alisema yeye ni maskini, mzee ana fedha, na tayari ametishiwa uhamisho wa oasisi. Kila mtu chumbani alijua nani alikuwa huko.

Maswali yakaanza. Je, Kristo ni sawa na sisi kwa ubinadamu? Mzee akajibu kwamba hakuwahi kusema hivyo, ila kama wao wanasema, basi. Je, baada ya muungano asili ni mbili? Hapo hakuyumba. Mbili kabla, moja baada. Sinodi ikamvua madaraka yote.

Eusebius alikuwa ameshinda kesi ya pili. Lakini Eutyches alikuwa na mtoto wa ubatizo, towashi aitwaye Chrysaphius, na hapakuwa na mtu aliyekuwa karibu na sikio la Kaisari kuliko towashi huyo. Miezi michache baadaye amri ikatoka: mtaguso mpya, Efeso tena, Agosti 449. Mwenyekiti awe Dioscorus, mrithi wa Cyril. Na mshtaki wa Eutyches asiruhusiwe kuingia ndani.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA NNE: Karatasi tupu

*Ilipoishia: Eutyches aliyehukumiwa amepata mtaguso wa kumtetea, na Eusebius amefungiwa mlango.*

Wajumbe wa Roma walifika Efeso na barua waliyoagizwa isomwe mbele ya wote. Papa Leo alikuwa ameiandika kwa Flavian tarehe 13 Juni 449, na ndani yake lilikuwamo swali letu la Lazaro. Kumlilia rafiki aliyekufa ni jambo la ubinadamu, alieleza Leo. Kumwita atoke akiwa hai ni la umungu. Kila asili hufanya iliyo yake kwa kushirikiana na nyingine. Ila anayefanya yote mawili ni mmoja. Nestorius angependa nusu ya kwanza ya maelezo hayo, Cyril nusu ya pili, na Eutyches asingependa hata herufi.

Wajumbe wakaomba barua isomwe. Dioscorus akasema baadaye. Wakaomba tena. Haikusomwa.

Badala yake zilisomwa kumbukumbu za kesi ya 448. Msomaji alipofika mahali Eusebius alipombana Eutyches akiri asili mbili, ukumbi ukapasuka kwa kelele: achomwe moto, na anayemgawa Kristo naye agawanywe vipande viwili. Eusebius hakuwamo ndani kujibu. Eutyches akatangazwa hana hatia. Kisha Dioscorus akawageuzia kibao waliomhukumu: Flavian na Eusebius hawakuwa maaskofu tena.

Baadhi ya maaskofu walimwangukia magotini wakimsihi asifanye hivyo. Dioscorus aliwaita walinzi. Milango ikafunguliwa, wakaingia askari wenye minyororo, na wamonaki, na watu wa mtaani. Miaka miwili baadaye maaskofu waliokuwamo wangeapa kwamba waliwekewa karatasi tupu mbele yao wakaambiwa watie saini; hukumu ingejazwa baadaye. Walitia saini.

Katika msukosuko huo shemasi mmoja wa Roma, Hilary, alipaza sauti kwa Kilatini akisema anapinga. Wengi ukumbini hawakujua Kilatini. Alitoroka bila mizigo yake, akipita njia zisizo njia hadi akafika Italia. Alipokuja kuwa Papa alijenga kikanisa cha Yohane Mwinjili huko Laterano kwa shukrani ya kunusurika, nacho kipo hadi leo. Flavian hakunusurika. Alikufa muda mfupi baadaye, akiwa njiani kwenda uhamishoni, na watu walisema ni kwa kipigo cha siku ile.

Eusebius alikimbilia Roma, akapokelewa na Leo.

Papa aliandika barua juu ya barua. Mkusanyiko ule aliuita kazi ya wanyang'anyi, na jina hilo limeugandama. Theodosius alimjibu kwamba Efeso haki ilitendeka na hakuna la kuongeza. Chrysaphius alikuwa na nguvu, Dioscorus alikuwa na nguvu, Eutyches alikuwa monasterini mwake. Kwa kila hali ya kibinadamu, kesi ilikuwa imefungwa.

Julai 450, Kaisari alitoka kwenda kuwinda. Farasi akamwangusha, akaumia uti wa mgongo. Siku chache baadaye akafa. Hakuacha mtoto wa kiume.

Aliacha dada. Pulcheria alikuwa mkubwa kwake. Akiwa msichana aliweka nadhiri ya ubikira, na miaka ya nyuma ndiye aliyemlea na kumfundisha mdogo wake utawala. Hakumpenda Nestorius hata siku moja. Chrysaphius naye alikuwa amemsukuma pembeni. Sasa mtu wa kwanza kufa alikuwa Chrysaphius. Kwa kuwa dola isingekubali kutawaliwa na mwanamke peke yake, Pulcheria akamchagua mwanajeshi mtu mzima, Marcian, awe mumewe na Kaisari, kwa sharti kwamba nadhiri yake itaheshimiwa.

Kisha ikatoka amri ya kuitisha maaskofu wa dola nzima. Dioscorus alikuwa miongoni mwa walioitwa. Na Eusebius, mikononi, alikuwa na hati mpya ya mashtaka.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA TANO: Katika, au kutoka?

*Ilipoishia: Theodosius amekufa, Pulcheria na Marcian wanatawala, na maaskofu wameitwa upya.*

Tarehe 8 Oktoba 451 mamia ya maaskofu walijazana katika kanisa la mfiadini Eufemia, Kalkedonia, ng'ambo ya mlango wa bahari mbele ya Konstantinopoli. Hakuna mtaguso uliotangulia uliowahi kuwa na idadi ile. Wajumbe wa Leo walisema Dioscorus akikaa kama hakimu, wao wanatoka. Akaondolewa kitini, akawekwa katikati kama mshtakiwa. Eusebius akasimama mbele yake. Safari hii alikuwa ndani, na mlango ulikuwa wazi.

Kumbukumbu za Efeso zikasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari. Maaskofu waliotia saini karatasi tupu wakaanza kulia kwamba walitishwa, kwamba wamekosa. Juvenal wa Yerusalemu, aliyekuwa nguzo ya Dioscorus, akainuka, akavuka ukumbi pamoja na watu wake, akaenda kuketi upande wa pili. Siku tano baadaye Dioscorus alivuliwa uaskofu, baada ya kuitwa mara tatu na kukataa kuja.

Barua ya Leo ilikuwa imekwisha kusomwa, hatimaye, na wengi waliishangilia. Wapo walioomba siku chache wailinganishe na maandishi ya Cyril, na waliporudi walisema baba hao wawili wanaafikiana. Lakini maaskofu 13 wa Misri walijitupa sakafuni. Hawakuwa wakitetea hoja. Walisema wakiitia saini barua ile bila kuwa na askofu mkuu wao, watauawa wakirudi kwao. Baadhi ya waliowasikiliza waliona ni visingizio.

Tarehe 22 Oktoba rasimu ya tamko la imani ikaletwa. Ilisema Kristo ni kutoka asili mbili. Karibu wote waliipenda. Wajumbe wa Roma wakaomba hati za safari warudi kwao. Maofisa wa Kaisari wakauliza maaskofu swali moja: Dioscorus anakubali *kutoka* asili mbili, Leo anasema *katika* asili mbili, ninyi mnamfuata nani? Neno la kwanza hata Eutyches angeweza kulitamka, kwa kuwa halisemi kilichobaki baada ya muungano. La pili linadai kwamba hata sasa, mbinguni, Yesu ni mtu.

Kamati ikaundwa, ikaingia katika kikanisa cha Eufemia. Miongoni mwa majina ya waliokuwamo limo la Eusebius wa Dorylaeum.

Walitoka na tamko ambalo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki, huku kwetu na kwingineko, wanasimama juu yake hadi leo. Mwana ni mmoja na yule yule, Mungu kweli na mtu kweli, nafsi moja, anayejulikana katika asili mbili. Asili hizo hazichanganyiki wala hazibadiliki. Hapo aliyejibiwa ni Eutyches. Hazigawanyiki wala hazitengani; hapo aliyejibiwa ni Nestorius. Kesi mbili za mwanasheria, zilizopishana kwa takriban miaka 20, zilimalizwa kwa sentensi moja. Na sentensi hiyo haielezi muungano unavyofanyika. Inataja mahali pa kutokukanyaga, huku na huku, kisha inanyamaza. Waliokutana Kalkedonia walijua kuwa fumbo lenyewe haliingii katika tamko. Walichotaka ni kwamba anayemlilia Lazaro asipokonywe utu wake, na anayemfufua asiwe mtu mwingine.

Tatizo lilikuwa oasisini. Nestorius, mzee na mgonjwa, aliyepata hata kutekwa na wavamizi wa jangwani akaachiwa, alikuwa amepata habari za barua ya Leo. Katika kitabu alichokiandika uhamishoni alitamka kwamba Leo na Flavian wanasema yale aliyokuwa akiyasema yeye. Alifariki karibu na wakati wa Kalkedonia, akiamini ukweli umeshinda.

Misri ilifika kwenye jibu hilo hilo kwa hasira. Asili mbili? Basi Nestorius amerudi, na Cyril amesalitiwa. Wakopti, Wahabeshi, Waarmenia na Wasiria wengi hawakulipokea tamko. Wanamkana Eutyches kama wengine wote, lakini hukiri asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, kwa maneno ya Cyril. Papa wa Roma na Papa wa Wakopti walikuja kutia saini kwa pamoja tamko juu ya Kristo mwaka 1973.

Wale maaskofu 13 hawakuwa wakitoa visingizio. Dioscorus alipohamishiwa Gangra, Marcian alimweka Aleksandria askofu aliyelikubali tamko, Proterius. Mji ulimkataa. Alisimikwa kwa ulinzi wa askari, akasali kwa ulinzi wa askari, na mitaa ikawaka.

Mwishoni mwa Januari 457 Marcian akafa. Habari zilipofika Aleksandria, kamanda wa jeshi alikuwa mbali, Misri ya Juu. Wapinzani wakamsimika askofu wao, Timotheo. Sasa mji ulikuwa na maaskofu wawili, na askari wachache.

Ikafika Alhamisi Kuu. Umati ulijaa barabara zinazoelekea kanisani, na ulijua nani umemfuata. Proterius alikimbilia chumba cha ubatizo, mahali ambapo hata mhalifu alihesabiwa kuwa salama. Nje, sauti zikakaribia. Kisha watu wakaanza kuusukuma mlango.

*ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO*